Chuo cha Dodoma na Amana ya Wazee Wetu

Mtu akisimama katikati ya mji wa Dodoma na kuuelekeza uso wake mashariki, huyaona majengo yaliyotandazwa juu ya vilima, safu baada ya safu, kana kwamba ni mji mwingine uliozaliwa pembeni ya mji. Huko ndiko kiliko Chuo Kikuu cha Dodoma, kilomita zipatazo nane kutoka mjini, katika eneo la hekta 6,000. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba, waliozoea kuona nyumba zimebanana baina ya bahari na mashamba ya minazi, hustaajabu wanapofika hapo kwa mara ya kwanza. Huuliza maji yanatoka wapi katika nchi hii ya mvua moja kwa mwaka, huuliza wanafunzi wanatembeaje umbali wote huo, kisha huuliza swali lililotufanya tushike kalamu leo: fedha ya kujengea yote haya ilitoka wapi?

Swali hilo tuliulizwa pia na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, tuliyeketi naye kwenye benchi la kahawa tulipokwenda Dodoma kwa shughuli za Chama. Tulimwamkia, akatujibu, kisha kwa uchangamfu wa Kigogo akatufundisha kusema "Mbukwenyi". Alikuwa amekuja kumwona mjukuu wake anayesoma chuoni hapo. Akavinyooshea kidole vilima vile, akasema: "Mwanangu, nyumba zile nimezijenga mimi. Nilikatwa kila mwezi kwa muda wa miaka thelathini na miwili. Mjukuu wangu analala ndani yake, nami namshukuru Mungu. Ila hakuna aliyepata kuniambia kama deni langu limelipwa."

Mzee huyo hakuwa na hasira wala hakulalamika. Alikuwa akiuliza hesabu yake, na mwenye mali anayeuliza hesabu yake hastahili kuonekana mkorofi.

Kwanza tukumbushane historia. Elimu ya juu katika nchi yetu ilianzia katika nyumba ya Chama. Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kundi dogo la wanafunzi wa sheria lilianza masomo katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Taifa lilikuwa halina chuo, Chama kilikuwa na nyumba, nacho kikaitoa. Baadaye chuo hicho kilihamia Mlimani, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, na kuanzia Julai 1970 kikasimama chenyewe kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Dodoma nayo ilipata chuo chake kwa njia inayofanana na hiyo. TANU iliamua mwaka 1973 kuwa makao makuu ya nchi yahamie uwanda wa kati, mahali ambapo mwananchi wa Kigoma na mwananchi wa Mtwara wote watapafikia kwa haki. Chama kilikuwa na ukumbi wake wa mikutano pale Chimwaga. Katika ukumbi huo, mwaka 1995, Mkutano Mkuu wa CCM ulimteua Ndugu Benjamin Mkapa kugombea Urais, baada ya duru ya mwisho iliyomkutanisha na Ndugu Jakaya Kikwete. Miaka kumi na miwili baadaye ukumbi huohuo ulikabidhiwa kwa ajili ya elimu. Chuo kilipata hati yake Machi 2007 na kupokea wanafunzi wa kwanza Septemba mwaka huo, wakati Ndugu Kikwete akiwa Rais. Ndugu Mkapa akawa Mkuu wa Chuo wa kwanza, na Profesa Idris Kikula, mtaalamu wa mazingira aliyeifahamu vizuri ardhi ya Dodoma na Kondoa, akawa Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza. Wawili walioshindana ndani ya ukumbi ule walishirikiana kuufanya darasa. Huo ni mfano mwema, nasi hatuoni haya kuutaja.

Lakini ukumbi mmoja hautoshi kuwa chuo kikuu, hasa chuo kilichokusudiwa kuwa na wanafunzi 40,000. Kulihitajika madaraka, maabara, mabweni, barabara na mabomba. Hazina peke yake isingeweza kuibeba gharama hiyo kwa mara moja. Ndipo Serikali ilipoiendea Mifuko ya Hifadhi ya Jamii, ile inayotunza akiba za wafanyakazi, nayo Mifuko ikajenga kwa makubaliano kwamba Serikali itairejeshea fedha hiyo pamoja na riba, kwa awamu, katika miaka iliyopangwa. Kwa njia hiyo sehemu kubwa ya chuo ilisimama katika muda mfupi mno. Mlimani, katika miaka ya sitini, ilijengwa kwa kutegemea sana misaada ya mataifa ya nje. Safari hii jiwe lililowekwa juu ya jiwe lilikuwa la mfanyakazi wa Tanzania: karani, muuguzi, mpiga chapa, mwalimu wa shule ya msingi. Hilo ni jambo la kujivunia, na kwa kuwa ni la kujivunia, hesabu yake haina budi kuwa safi.

Tueleze kwa lugha nyepesi jinsi deni la namna hii linavyofanya kazi, maana wako viongozi wenzetu wanaodhani kuwa fedha ya Mfuko ni fedha ya Serikali iliyowekwa katika mfuko mwingine wa koti lilelile. Sivyo. Mfanyakazi anapokatwa mchango, na mwajiri wake anapoongeza sehemu yake, fedha hiyo ni amana. Mfuko unaruhusiwa kuizungusha ili izae, kwa sababu atakayestaafu baada ya miaka thelathini hawezi kulipwa kwa shilingi ileile aliyoiweka, nguvu yake ikiwa imekwisha liwa na kupanda kwa bei. Basi Mfuko unapoijengea Serikali, umeikopesha. Serikali ikilipa kwa wakati, Mfuko unapata mtaji na faida, na mstaafu analipwa. Serikali ikichelewa, majengo yanabaki yakimeremeta juani, deni linabaki limeandikwa vitabuni kuwa ni mali, lakini kisanduku cha kulipia pensheni hakina kitu. Mstaafu hawezi kwenda dukani akanunua unga kwa mali iliyoandikwa vitabuni.

Na ucheleweshaji ulitokea. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwa nyakati mbalimbali, ziliutaja ujenzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma miongoni mwa miradi ambayo Mifuko ilitoa fedha na marejesho hayakwenda kama ilivyokubaliwa. Taarifa hizo ziliwekwa mezani Bungeni; si siri, wala hatufichui lolote. Tunachosema ni kwamba zilisomwa na wachache, tena kwa lugha ya wahasibu, hata yule mzee wa benchi la kahawa hakuwa na njia ya kujua.

Sisi tuliokaa juu ya mkeka wa chuoni na ubao mkononi kabla hatujaingia shule ya Serikali, tulifundishwa mapema kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani haizungumzi vita wala ufalme. Inazungumza deni: jinsi ya kuliandika, jinsi ya kulishuhudisha, na jinsi mwandishi anavyotakiwa kuwa mwadilifu. Baadaye, shuleni, tulifundishwa hesabu za pande mbili, za kuingia na kutoka. Tuliona kuwa mafunzo yale mawili hayapingani hata kidogo.

Haki inatutaka tuseme pia yaliyofanyika. Mwaka 2018 Mifuko minne ya watumishi wa umma, yaani PSPF, PPF, LAPF na GEPF, iliunganishwa kuwa Mfuko mmoja, PSSSF, ili kupunguza gharama za uendeshaji. Kisha Serikali ya Awamu ya Sita ilitoa hatifungani maalumu ya thamani ya shilingi trilioni 2.17 kupunguza deni la zamani la watumishi ambao walikuwa hawajaanza kuchangia kabla ya mwaka 1999. Deni hilo ni jingine, si lile la majengo, na hatifungani ni ahadi iliyoandikwa, si fedha taslimu. Hata hivyo ahadi iliyoandikwa na inayozaa riba ni bora kuliko kimya. Tunaipongeza hatua hiyo, tukiongeza kwamba mgonjwa aliyepewa dozi ya kwanza hajatangazwa kuwa amepona.

Wasomaji wanaikumbuka vizuri rabsha ya kikokotoo. Mwishoni mwa mwaka 2018 wafanyakazi walikataa kanuni iliyopunguza malipo ya mkupuo hadi asilimia 25, na Rais Magufuli akaisimamisha mwezi Desemba mwaka huo. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33, na mwaka 2024 ikapandishwa hadi 40. Hatusemi kwamba majengo ya Dodoma ndiyo yaliyoleta mzozo huo. Sababu zake ni nyingi, na mojawapo ni kwamba wastaafu siku hizi wanaishi miaka mingi zaidi, jambo ambalo ni heri. Tunasema tu kwamba kila shilingi iliyochelewa kurudi katika Mfuko ilidhoofisha mkono ambao ungemlipa mstaafu, na mstaafu hawezi kuambiwa afunge mkanda huku mkopaji mkubwa akilegeza wake.

Suala la nani abebe gharama za chuo cha umma halikuanzia Dodoma. Marekani, mwaka 1862, katikati ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, walipitisha sheria ya kuanzisha vyuo vya kilimo na ufundi. Kila jimbo lilipewa eka 30,000 za ardhi kwa kila mjumbe wake katika mabunge mawili ya nchi. Ardhi ile ilikuwa imenyang'anywa wenyeji wake, na dhuluma hiyo haifutiki kwa kujengewa chuo juu yake. Lakini katika utaratibu wa fedha kuna jambo la kujifunza. Sheria iliamuru kwamba fedha itakayopatikana kwa kuuza ardhi iwekwe kuwa mtaji wa milele, usiopungua. Chuo kile faida yake tu. Sehemu ya mtaji ikipotea, jimbo liirejeshe. Na zaidi ya hayo, mtaji ule wala faida yake havikuruhusiwa kujengea wala kukarabatia nyumba hata moja. Waliotunga sheria walijua kuwa tofali lina tamaa: likiachiwa, hula mshahara wa mwalimu na kitabu cha mwanafunzi.

Tutazame pia Cairo, ambako vijana wa Visiwani wamekuwa wakienda kusoma tangu zamani. Al-Azhar iliishi kwa wakfu kwa karne nyingi: mashamba na nyumba zilizofungwa kwa ajili ya elimu, mapato yake yakalisha wanafunzi mkate na kuwatunza walimu. Mapema katika karne ya kumi na tisa Muhammad Ali alizishika ardhi nyingi za wakfu, na nguvu ya chuo ikapungua. Ilipofika mwaka 1895 liliundwa baraza la utawala, Sheikh Muhammad Abduh akiwa mjumbe wake, nalo likashughulikia mambo yanayoonekana madogo: mishahara ya walimu, taratibu za kuigawa, mitihani, usafi wa mabweni. Wengi hukumbuka fikra za Abduh wakasahau kuwa alitumia miaka mingi kupigania hesabu na makaratasi. Fikra kubwa bila daftari safi haisomeshi mtu.

Na Dodoma imeonja uchungu wa daftari lisilo safi. Mwezi Mei 2016, wanafunzi zaidi ya 7,000 waliokuwa wakisoma Stashahada Maalumu ya Ualimu, iliyokusudiwa kuziba pengo la walimu wa sayansi na hisabati, walirudishwa makwao. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba wahadhiri wameacha kufundisha programu hiyo kwa sababu ya madai yao ya malipo. Baadaye waliotimiza sifa walipangiwa vyuo vya ualimu kuendelea na masomo. Lakini tuwakumbuke vijana wale wakiwa vituoni na masanduku yao, wengine wakiwa hawana nauli ya kuwafikisha Kagera au Kusini. Suala la nani alistahili kudahiliwa lilikuwapo, nalo lilijadiliwa sana. Lililojadiliwa kidogo ni kwamba dai la malipo halikomai kwa siku moja. Huanza kuwa barua, ikawa kikao, ikawa kikao cha pili. Mtu mmoja mwenye mamlaka angalijibu barua ile ya kwanza, huenda habari ingaliishia faili.

Hatuwezi kuyasema haya bila kuwageukia maofisa wa Serikali, ambao baadhi yao watayasoma makala haya wakiwa Mtumba. Serikali ilipohamia Dodoma kuanzia mwaka 2016, Wizara kadhaa zilijistiri katika majengo ya chuo hicho hadi Mji wa Serikali ulipozinduliwa Aprili 2019. Wakurugenzi walitia saini nyaraka za nchi katika vyumba vilivyojengwa kwa akiba ya wafanyakazi. Waungwana hawasahau fadhila ya mwenyeji. Aliyewahi kulala katika nyumba ya mtu anajua paa linavuja wapi, na hana udhuru wa kukata fungu la matengenezo linapomfikia mezani.

Maana hilo ndilo donda la pili. Fedha ya umma kwa chuo huja katika mafungu matatu: mishahara, matumizi mengineyo na maendeleo. Mishahara hailetewi mchezo, kwa kuwa ina midomo ya kusema. Maendeleo hupendwa, kwa kuwa yana utepe wa kukatwa. Matumizi mengineyo, yaani maji, umeme, karatasi, dawa za maabara, kuziba ufa na kubadilisha bomba, hayana msemaji, na Hazina inapobanwa huanza kukatwa hayo. Majengo yaliyojengwa kwa pamoja huchakaa kwa pamoja. Chuo cha Dodoma kina majengo mengi ya rika moja, na umri huo sasa unakaribia miaka ishirini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Safari hii kuta zenyewe ni nyingi, na waliozijenga mara ya kwanza hawana cha kukopesha mara ya pili.

Ndugu zetu wa Visiwani wasidhani jambo hili ni la Bara peke yake. Elimu ya juu imo katika orodha ya mambo ya Muungano, na vijana wa Unguja na Pemba wanasoma Dodoma kama wa Singida. Lakini kuna sababu iliyo karibu zaidi. Zanzibar inacho chuo kikuu chake cha umma, SUZA, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999. Inayo Bodi yake ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Na inao Mfuko wake wa Hifadhi ya Jamii, ZSSF, ulioanzishwa mwaka 1998 na ambao tayari umewekeza katika majengo makubwa, Michenzani Mall likiwa mojawapo. Ipo siku chuo kitahitaji mabweni na Mfuko utakuwa na akiba, na mtu mwenye nia njema atapendekeza viwili hivyo vikutanishwe. Hatusemi akataliwe. Tunasema aulizwe kwanza: nani atalipa, lini, kutoka kasma gani, na mchangiaji ataarifiwaje? Zanzibar ina urithi wa wakfu na ya Kamisheni iliyosimamia mali hizo tangu mwanzo wa karne ya ishirini. Watu wake wanajua kwamba aliyeshika mali ya wakfu hana mali, ana kazi.

Yapo mambo manne ambayo kwa maoni yetu hayahitaji sheria mpya wala semina. Kwanza, kila mwaka, pamoja na bajeti, itolewe karatasi moja ya Kiswahili chepesi inayoonyesha kila jengo la umma lililojengwa kwa fedha ya Mifuko, kiasi kilichokopwa, kilicholipwa na kilichobaki. Ibandikwe penye ofisi za Mifuko, ambako wastaafu huenda. Pili, fungu la matengenezo la vyuo vya umma lifungwe, lisiguswe kwa jambo jingine. Tatu, Mabaraza ya Vyuo yapewe kila robo mwaka orodha ya madai ya watumishi yaliyopita siku tisini, na Mwenyekiti aulize moja baada ya jingine. Nne, hekta 6,000 za Dodoma zitazamwe kama walivyotazama wazee wetu shamba la wakfu: zisiuzwe, zizalishe, na kinachozalishwa kisomeshe.

Kuna atakayesema kwamba haya ni mambo madogo ukilinganisha na ukubwa wa taifa. Tumjibu kwa mfano. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangepunguza mapato yao. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, na wengi wao wakarejeshwa mwaka uliofuata. Watu hulikumbuka hilo. Lakini siku ileile alipunguza pia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha. Aliyewataka vijana wajinyime alianza kujinyima yeye. Hiyo ndiyo kanuni tunayoidai leo: anayemwambia mstaafu asubiri, aanze kwa kuonyesha yeye amelipa nini.

Tulipoagana na mzee wetu pale Dodoma, mjukuu wake alikuwa amefika, kijana mwembamba na vitabu kwapani. Alimwamkia babu yake kwa kuinama, akachukua kifurushi cha karanga alicholetewa, wakaondoka pamoja kuelekea kituo cha daladala ziendazo chuoni. Mzee alitaka kuiona nyumba yake kwa ndani. Nasi tunaona ni haki yake kuiona, na ni haki yake zaidi kuoneshwa hesabu yake.